Wiki ya Kumi na Saba

Baba yake Hosiana alipofariki aliacha koti, redio, panga, kisu cha kubandulia mdalasini, na kitanda kilichokuwa baharini.

Ndiyo, baharini. Usishangae sana, maana hata watu wa Kinole walishangaa mpaka wakachoka. Mzee Castory, mtu wa milimani ambaye bahari aliivuka mara moja tu kwa pantoni ya Kigamboni na akatapika, alikuwa amenunua wiki moja ya kulala kwenye meli ya watalii. Si kukodi. Kununua. Kila mwaka wiki hiyo ikifika, chumba fulani cha ghorofa ya sita ni chake, na yeye akifa ni cha mwanawe, mpaka meli yenyewe ichakae. Wiki nyingine zote chumba kina wenyewe wengine, kila mtu na wiki yake. Ya Mzee Castory ilikuwa ya kumi na saba, mwishoni mwa Aprili.

Aliinunua Morogoro Mjini, kwenye ukumbi wa hoteli moja, siku ambayo vijana wenye tai walialika watu wale pilau ya bure na waangalie video. Alitoka pale amevaa kofia yenye picha ya nanga, akaenda moja kwa moja Msamvu, kwenye nyumba ya wageni ambako binti yake alikuwa akifanya kazi mapokezi.

"Shikamoo baba. Leo umependeza, kulikoni?"

"Marahaba. Hosiana, nimekupatia mahali."

"Mahali wapi?"

"Baharini."

Hosiana alicheka. Kisha akaona mzee hacheki, naye akaacha. Alimwekea kiti, akamsikiliza mwanzo hadi mwisho. Yeye vyumba alivijua. Mtu analipa, anapewa ufunguo, analala, asubuhi anaondoka na shuka linabadilishwa. Miaka yote aliyokaa pale mapokezi hakuwahi kumsikia mtu akikiita chumba cha namna hiyo mahali pake.

"Umenunua kwa nini, baba? Pesa umeitoa wapi?"

"Mdalasini."

"Mavuno ya mwaka huu?"

"Shamba zima. Nimemuuzia jamaa mmoja wa Dumila. Ameshakata."

Ule mdalasini Hosiana alizaliwa akaukuta. Ndio uliomsomesha, ndio uliomvika siku ya Komunyo ya kwanza, na harufu yake ilikuwa haitoki mikononi mwa baba yake hata Jumapili kanisani. Sasa eti umekatwa wote, umegeuka wiki moja ya mwezi wa nne kwenye maji ya Wazungu. Alimtazama mzee na ile kofia yake ya nanga.

Mzee mwenyewe hakuwa mwehu. Hilo lieleweke kabla hatujaendelea, maana watu wengine mnapenda kucheka kabla hamjasikia. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu.

Uluguru ardhi inakwenda kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba analima la ukoo huo. Mwanamume akifa, alichokuwa akilima kinarudi kwa dada zake na watoto wa dada zake. Watoto wake mwenyewe hawaulizi, kwa sababu wao wana ukoo wa mama yao na huko wana sehemu yao. Utaratibu mzuri tu, kama mama yako ni Mluguru. Mama yake Hosiana alikuwa Mbena wa Njombe, na Wabena mtoto ni wa baba. Mama alipofariki, Hosiana alikwenda Njombe kuzika, na wajomba wakamwambia kwa upole wote kwamba kwao ni kwa baba yake. Aliporudi Kinole, wazee nao wakamwambia, kwa upole huohuo, kwamba kwao ni kwa mama yake. Kila upande ulimwelekeza upande wa pili, na pande zote mbili zilimpa chai.

Ndipo mzee akaanza kukosa usingizi. Nyumba yake ilikuwa kwenye ardhi ya ukoo. Shamba lilikuwa la ukoo. Na ile miti ya mdalasini ilikuwa na kesi ya zamani, maana aliipanda akiwa kijana bila kuomba ruhusa. Mjomba wake, aliyekuwa mkubwa wa ukoo wakati huo, alimwambia apande maharage, kitu cha msimu mmoja, si miti ya kukaa miaka. Yeye akapanda mdalasini. Mjomba akaja akasimama katikati ya miche, akamwambia mbele za watu, "Hii miti siyo yako, na haitakuwa yako." Tangu siku hiyo Mzee Castory alinuna. Alimnunia mjomba, aliununia ukoo, akamnunia hata dada yake mkubwa, Anastasia, aliyekuwa amesimama pale kimya wakati anatukanwa. Mjomba alikufa, miti ikakua, yeye akaendelea kununa.

"Nikifa watachukua kila kitu," alimwambia Hosiana siku ile ya kofia. "Shangazi yako na mwanawe Raphael watagawana hata kokoto. Lakini meli? Meli ina ukoo? Nani atapanda juu kule kudai, Raphael? Raphael akiona mtaro umejaa anazunguka!"

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akamshika mkono.

"Wiki yako usiiache, mwanangu. Niahidi."

Hosiana aliahidi, ingawa roho ilikuwa inamchemka. Mwaka uliofuata wiki ya mzee ilipita anakohoa kitandani, mwezi wa saba kifua kikamchukua, na hasira za Hosiana zikabaki hazina mtu wa kuzipokea.

Baada ya mazishi alipiga simu kwenye kampuni. Alipokelewa na dada mmoja mwenye sauti ya asali. Dada akathibitisha kwamba chumba kipo, wiki ipo, jina la Hosiana lipo. Hakuna aliyetapeliwa. Meli inaondokea Uhispania. Nauli ya ndege ni juu yake mwenyewe, viza ni juu yake mwenyewe, na kila mwaka kuna ada ya matunzo, aende asiende.

"Na nisipoenda?"

"Chumba kinakuwa tayari tu, dada, kinakusubiri. Shuka safi, taulo, kila kitu."

"Naweza kukiuza?"

"Wengi wanataka kuuza, dada yangu," ile sauti ikasema, safari hii bila asali.

Basi. Hosiana alikata simu akashika tama. Kitanda chake kingetandikwa kila mwezi wa nne, mtu angekunja ncha za taulo vizuri, na usiku pasingelala mtu. Yeye mwenyewe alikuwa amepanga chumba kimoja Kihonda, na mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kuleta watu wa kukiangalia.

Arobaini ilipofika alipanda Kinole. Hakwenda na matumaini makubwa. Alichotaka ni kitu kimoja, nacho hata hakujua akiombe kwa maneno gani: sehemu yoyote pale, hata ya upana wa mkeka, ambayo akifika asiulizwe amekuja kwa nani.

Misa ilisomwa, watu wakala wali na mbuzi, halafu ukoo ukakaa nyuma ya nyumba ili mrithi wa jina atajwe. Kule mtu akifa jina lake haliachwi chini. Anapewa mtu wa ukoo, na tangu hapo yeye ndiye marehemu. Anarithi koti lake, anarithi ugomvi wake, na watoto wa marehemu wanamwita baba. Jina la Castory alipewa Raphael. Alivishwa lile koti, akakabidhiwa panga, kisu na redio, na mikono ilimning'inia ndani ya koti kwa sababu marehemu alikuwa mrefu.

Raphael alikuwa mdogo kwa Hosiana. Walikulia pamoja, waliiba matunda pamoja na kuchapwa pamoja. Sasa Hosiana alitakiwa apite mbele, apige goti, amwamkie.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," alisema Raphael, akageukia pembeni ili asicheke. Hosiana naye alijikaza. Akina mama wakapiga vigelegele.

Mambo yalipotulia, mzee mmoja akakohoa akaliuliza lile ambalo wote walikuwa wakilisubiri.

"Na ile meli?"

Weee! Hapo ndipo kikao kilipochangamka. Mmoja akasema meli ni mali ya marehemu na marehemu ni Raphael, basi Raphael aende. Mwingine akauliza kama inaruhusiwa kwenda na mbuzi. Mikaeli, fundi wa kijiji, akasema wiki moja ukoo unaweza kuigawana, kila mtu siku yake, apande mmoja ashuke mwingine. Hosiana aliwaacha waseme. Angeweza kuwaambia wachukue wiki yao wamwachie nyumba, na walivyokuwa wameipenda ile meli, wangekubali. Wazo hilo lilimpitia, tena lilipita polepole. Kisha akaona ni kuwauzia watu mbuzi kwenye gunia, akawaeleza ukweli wote: Uhispania, viza, ada. Kikao kikapoa palepale.

Shangazi Anastasia ndiye aliyekuwa hajasema kitu. Alikuwa mwanamke mkubwa wa ukoo, mfupi, mwenye macho mazito, na alikaa kwenye kigoda akichambua punje za mchele zilizomdondokea kwenye kanga.

"Aliinunua kwa pesa gani?" aliuliza.

"Aliuza mdalasini, shangazi."

"Mavuno?"

"Miti. Yote."

Mkono wa shangazi ukasimama. "Nilijua imekatwa. Nilidhani ni kwa ajili ya matibabu."

"Alisema nyie mngeichukua. Alitaka kuniachia kitu ambacho hamwezi kukichukua."

"Hosiana," alisema shangazi, "ile miti ilikuwa yako."

Hosiana hakuelewa. Shangazi akamweleza taratibu, kama mtu anayebandua kidonda chake mwenyewe. Ardhi ni ya ukoo, lakini mti ni wa aliyeupanda, na akifa ni wa watoto wake, wawe wa ukoo wasiwe wa ukoo. Mradi tu alipanda kwa ruhusa.

"Lakini yeye hakuomba ruhusa," alisema Hosiana. "Mjomba wenu alimkataza mbele za watu."

"Nilimwombea mimi. Mjomba alipokufa, nilitoa jogoo na mtungi wa pombe mbele ya ukoo, tukaisafisha ile miti. Ikawa ya baba yako. Hawa wazee walikunywa, waulize."

Wazee waliitikia kwa vichwa. Walikumbuka, na mmoja wao alikumbuka hata ladha ya pombe.

"Mbona hukumwambia?"

"Angenisikiliza wapi? Kila nikipita ananipa kisogo. Nikasema ngoja, siku akija kuuliza nitamwambia. Nilitaka aje mwenyewe." Shangazi alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Hakuja. Na mimi sikwenda."

Hosiana aliinuka akaondoka bila kuaga, jambo ambalo kwenye kikao cha ukoo ni utovu wa adabu, lakini hakuna aliyemkemea. Alikuwa na hasira ya kumtosha mtu na jirani zake. Alimkasirikia shangazi. Alimkasirikia marehemu zaidi, kwa sababu marehemu ndiye aliyeuza kitu pekee ambacho kingekuwa chake, ili amnunulie kitu ambacho hawezi kukifikia, na yote hayo kwa ajili ya kununa. Alishuka mpaka shambani analia kwa sauti, wala hakujali nani anamwona.

Shamba lilikuwa limefyekwa nusu. Raphael alishasema tangu matangani kwamba atang'oa visiki apande mananasi. Nusu iliyobaki ilikuwa imefunikwa na majani, na Hosiana aliingia tu bila sababu, akitafuta pa kuegemea. Akashika kitu kilichompinga mkono. Akatenganisha majani. Kisiki kilikuwa kimechipua, vijiti vimenyooka, vimempita bega, na majani machanga yake yalikuwa na ule wekundu wa siku chache. Alihamia kisiki cha pili, na cha tatu. Vyote vilikuwa vimechipua. Yule jamaa wa Dumila alikuwa amekata, hakung'oa.

Alirudi kikaoni magoti yana udongo.

"Nina swali," alisema. "Mti ukikatwa ukachipua, ni mti au si mti?"

"Uliokatwa umekatwa," alisema Raphael haraka. Hakuwa mtu mbaya, ila miche ya mananasi alikuwa ameshaiagiza. "Baba yako aliuza. Mwenye kununua alichukua chake. Ardhi imerudi kwa ukoo."

"Mwenye kununua alichukua mashina. Hakununua mizizi," alisema Hosiana.

Wazee wakagawanyika, wengine huku, wengine kule. Shangazi Anastasia hakubishana na mtu. Aliomba mkono, akainuliwa, akashuka shambani na ukoo mzima nyuma yake. Alikwenda kwenye kisiki cha kwanza, akavunja kijiti kimoja, akakibandua gome kwa kucha, akakinusa. Akampa Raphael anuse.

"Ni nini?"

Raphael alinusa. Alimtazama mama yake, akatazama ile nusu aliyoifyeka.

"Mdalasini," alisema kwa shida.

"Basi mti haujafa. Na jogoo wangu hajarudishwa." Shangazi akamgeukia Hosiana. "Ni yako, na wanao baada yako. Lakini sikiliza vizuri. Mti wenye mwenyewe ni ule unaopaliliwa. Kila mwaka uje mwenyewe, kwa mkono wako, sitaki utume mtu. Mwaka ukipita hujaja, Raphael apande mananasi yake. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Utakuja lini?"

Hosiana hakuhitaji kufikiri. Wiki ile ya meli alishaiombea ruhusa kazini, na alishamwahidi mzee kwamba hataiacha. "Mwezi wa nne," alisema. "Wiki ya kumi na saba."

Hakuna aliyejua hiyo ni wiki gani, ila shangazi alihesabu kwa mvua akasema sawa, huo ndio wakati ambao gome linabanduka vizuri.

Alikuja. Masika yalikuwa yamekolea, njia zinateleza, na ukungu ulikuwa unashuka mpaka kwenye migomba. Raphael alimpokea barazani akiwa ndani ya koti lililopunguzwa mikono, akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu," na safari hii hakugeuka pembeni. Alimlaza kwenye chumba kilekile alichokuwa akilala akiwa msichana.

Hosiana alipalilia tangu Jumatatu. Jumatano alifika kwenye kile kijilima ambako mtandao unashika, na simu ikaita mfukoni. Ulikuwa ujumbe kutoka kwenye kampuni. Mpendwa mmiliki, chumba chako kiko tayari, tunakutakia safari njema. Aliusoma mara mbili, mikono imejaa tope. Alikiona kile kitanda, shuka limevutwa, taulo imekunjwa. Ada hakuwa amelipa, na hakuwa na nia ya kulipa. Alirudisha simu mfukoni akainama kwenye kisiki kilichofuata.

Kulikuwa na vijiti ambavyo tayari vilikuwa vinene vya kutosha kubandua. Alikivuta kimoja, kikamkatalia, akakivuta tena, na ghafla ile harufu ikamjia usoni, mikono ya Jumapili kanisani, na uchungu wote ukamtoka mara moja.

"Baba!" alisema kwa nguvu, hana hili wala lile, peke yake katikati ya mdalasini. "Baba, mbona hukuuliza tu?"

"Naam, mwanangu?"

Hosiana aliruka. Raphael alikuwa chini kidogo, nyuma ya migomba, anapanda mananasi yake kwenye ile nusu aliyoachiwa. Alikuwa amenyanyuka, koti limelowa, mkono amekinga sikioni.

"Niulize nini?" aliita.

Hosiana alimtazama ndani ya lile koti la marehemu. Alifuta uso kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa vichafu.

"Ndiyo ushaniuliza, baba," alijibu. "Niletee kisu chako."

Raphael alipanda na kile kisu cha zamani, ameshikilia upande wa makali, akampa mpini.

"Kaa nacho," alisema. "Kwenye mananasi hakina kazi."